Pale Mama Alipokuwa Akichelewa

Vumbi likiungua lina harufu yake. Inakaribiana na ya nywele zilizoshika moto, ila ni kavu zaidi, na inakaa kooni. Niliinusa wiki iliyopita sebuleni kwa marehemu Baba, hapa Mfaranyaki, Songea, wageni wa misa ya arobaini walipokwisha kuondoka. Nilikuwa nimechomeka ile televisheni yake ya mgongo, na kabla kioo hakijawaka nilishajikuta nimeshika ukuta. Kaka yangu Fideli aliniangalia.

"Si nilikwambia tuitupe?" akasema, akatoka zake kwenda kusimama barazani.

Fideli hajawahi kukaa chumba kimoja na kitu kile kikiwa kimewashwa, tangu utoto wetu, na sababu yake ninaijua kwa kuwa nilikuwepo.

Nyumba yetu ilikuwa na televisheni kabla huku bara hakujawa na kituo hata kimoja cha televisheni. Msinicheke. Watoto wa jirani walichungulia dirishani wakaona kioo cha buluu chenye maandishi meupe, basi, wakaniuliza watu wako wapi. Niliwaambia wamekwenda kula. Nilikuwa muongo mzuri sana siku zile. Ukweli ni kwamba televisheni ile ilikuwa mtumishi wa kompyuta. Baba alifundisha hesabu sekondari, na mzungu mmoja aliyefundisha naye, alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia vyote viwili. Kompyuta yenyewe ilikuwa kibodi nene ya rangi ya uji wa ulezi, kila kitu kimo humohumo ndani. Ukiizima inasahau yote uliyoiambia. Ukitaka ikumbuke, unaiunganisha na redio kaseti, nayo inayamwaga mawazo yake kwenye mkanda, mkanda uleule tuliokuwa tukirekodia nyimbo na salamu za redioni, tukiuzungusha kwa peni ili tusimalize betri. Wa rika langu mnanielewa.

Mwanzoni Baba aliitumia kupiga hesabu tu. Muziki wake ulikuwa kanisani, kwa sababu ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya parokia, na Mama alikuwa mwanakwaya wake. Kwa asiyezijua kwaya zetu: sauti ya kwanza ni akina mama wa juu, wale wanaojisikia. Ya pili ni akina mama wa chini yao, ambao hakuna anayewatambua mpaka siku wasipokuja. Ya tatu ni wanaume wa juu. Ya nne ni wale wa chini kabisa, wanaovuma, na Baba alikuwa huko. Mama aliimba ya pili.

Kulikuwa na wimbo wa komunyo ambao Baba aliutunga mwenyewe. Katikati yake sauti zote zinanyamaza, kisha zinaingia tena kwa mpigo mmoja. Mama haingii. Wenzake wakishaingia, yeye ndiyo kwanza anavuta pumzi, halafu anakuja, amechelewa kiasi hicho cha pumzi moja. Kila Jumamosi mazoezini Baba aligonga benchi kwa rula.

"Sauti ya pili! Kuna mtu amelala huko!"

Alijua fika ni nani, na kwaya nzima ilijua, wakawa wanabana vicheko. Ugomvi wenyewe uliendelea jikoni.

"Mimi sichelewi," Mama alisema huku anasonga ugali. "Ninyi ndio mna haraka. Mnakimbilia wapi?"

"Muziki ni hesabu, Mama Fideli."

"Basi nenda kaimbe na ubao wako."

Bibi, mama yake Baba, alikuwa akikaa nasi, na siku zote alikuwa upande wa mkwewe. Aliguna tu kutoka kwenye mkeka wake, na Baba alijua ameshindwa.

Mama aliugua msimu wa baridi, ile baridi ya Songea inayokufanya uoge huku unalia. Alilazwa hospitali ya Peramiho. Aliporudishwa nyumbani alirudi nyuma ya pikapu akiwa amefunikwa, na mimi niliambiwa niende nikacheze. Kwaya ilimwimbia mazishini wimbo uleule wa Baba. Pale katikati wakanyamaza, kisha wakaingia wote pamoja, sawasawa kabisa, kama Baba alivyowadai miaka yote. Nilikuwa ninamtazama. Mkono wake wa kuongozea ulibaki juu hewani, wenzake wakamaliza wimbo peke yao.

Arobaini ilipofika nguo za Mama ziligawiwa kwa ndugu kama ilivyo desturi. Nikawa ninaona vitenge vya Mama vikipita njiani vikiwa vimevaliwa na mashangazi, nikifurahi kwanza halafu nikiona uso. Sura yake tulikuwa nayo kwenye picha. Sauti yake ilianza kunitoka. Nilikuwa nikilala ninajaribu kumsikia akiniita, ninamwona mdomo unafunguka, lakini anayesema ni shangazi, au mwalimu wetu, au mimi mwenyewe. Jamani, hakuna kitu kilichonitisha utotoni kuliko hicho. Nilitaka sauti ya Mama zaidi ya nilivyotaka kula.

Baba naye, kumbe, alikuwa akiitafuta. Kaseti moja ilikuwepo, kwaya ilirekodiwa siku ya sherehe fulani, na Mama mwenyewe ndiye aliyeandika juu yake kwa wino mwekundu, "Kwaya". Tuliisikiliza tukiwa tumezunguka redio. Kwaya tuliisikia. Mama hatukumsikia, kwa sababu watu arobaini wakiimba vizuri huwezi kumtoa mmoja. Baba alishika tama. Kisha ukaja wimbo wake, ukafika pale katikati, kimya, kwaya ikaingia, na nyuma yake, kwa urefu wa silabi moja, akaja mtu peke yake.

Baba akarudisha mkanda nyuma. Silabi moja. Akarudisha tena. Lile kosa alilomgombezea mkewe maisha yao yote ndilo pekee lililomwacha ndani ya kaseti ile. Angekuwa msikivu asingekuwemo.

Alirudisha mkanda ule jioni kwa jioni, mpaka siku moja redio ikaula. Baba akauvuta polepole kwa vidole, umekunjamana, umekatika. Akauunga kwa selotepu, na unajua tena, ulikuwa umekatikia palepale. Tulipoucheza, kwaya ilinyamaza, ikakwaruza, ikaendelea. Mama hakuja.

Ndipo Baba aliponunua ugomvi na kompyuta. Kila nota ya wimbo wake aliigeuza namba: hii ya kimo cha sauti, hii ya muda wake. Alirudi kutoka shuleni, akavua viatu, akaanza kuchapa. Umeme wa mji siku hizo ulikuwa wa jenereta, unatoka kwa zamu, na ukikatika kabla hajahifadhi, kazi yote imekwenda na maji. Nilimsikia akitukana, Baba yangu, mwalimu wa kwaya, mbele ya picha ya Moyo Mtakatifu.

"Ina sauti tatu tu," aliniambia. "Haiwezi zaidi ya tatu kwa wakati mmoja."

"Sasa utamtoa nani?" Niliuliza nikiogopa jibu.

"Nitatoa ya nne. Hiyo nitaimba mwenyewe. Lazima mmoja abaki upande huu."

Ilipoimba mara ya kwanza, sauti zilitoka kwenye spika ya televisheni nyembamba, safi, zinang'aa. Mimi nilipiga makofi. Bibi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Hii ni mbu," akasema.

"Mama, nota zote ni sahihi."

"Nimesema si sahihi? Nimesema ni mbu." Bibi alizaliwa Lituhi, ziwani, kwenye watu wa mganda, ngoma ile ya wanaume wanaojipanga mistari na kupuliza vibuyu. "Kibuyu kitupu hakina utamu. Baba yangu alikitoboa ubavuni, akabandika utando wa buibui, ndipo kikanung'unika kama mtu. Hiki chako kimesafishwa mno."

Mwingine angecheka. Baba alikwenda kuomba karatasi ya kuviringishia tumbaku kwa jirani, akaibandika kwenye matundu ya spika. Akacheza tena. Safari hii sauti zikawa na mkwaruzo kidogo, kitu cha kooni, nami nikasisimka mikono. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa.

"Afadhali. Lakini huyu anayeimba hapumui," akasema. "Mtu asiyepumua mnamwitaje?"

Yeye akaendelea na maharage yake, lakini mimi neno lile lilinikaa.

Sasa niwaambie nilivyolielewa, na mjue nilikuwa ninasoma mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, mwezi wa marehemu, mvua za kwanza zinaanza, na katekista alikuwa akitufundisha toharani. Alituambia roho ziko huko zinateseka, zinatulilia, na sisi wenye midomo ndio wa kuziombea. Alikuwa na kipaji yule baba. Tulitoka darasani tunatembea katikati ya barabara tukiogopa vivuli.

Siku moja nilirudi shule mchana, Baba hayupo, Bibi yuko shambani nyuma ya nyumba. Juu ya redio niliiona kaseti ya Mama, yenye wino wake mwekundu. Nikasema, labda Baba ameitengeneza. Labda ile silabi imerudi. Nikaiweka, nikabonyeza, nikalaza sikio kwenye spika.

Kilichotoka hapo sikusimuliwa. Kwanza mlio mmoja mrefu, mwembamba, umenyooka. Kisha ukavunjika ukawa ukelele, unatetemeka, unapanda, unashuka, mkali, na hausimami hata kidogo. Nilingoja usimame. Mtu akilia lazima avute pumzi, hata mtoto mchanga anavuta. Huyu alikuwa halii kwa pumzi. Neno la Bibi likanijia lote zima, na la katekista nyuma yake, nikajua aliyemo ni nani na yuko wapi.

Nilizima. Nikakaa chini sakafuni, mkojo umenitoka. Kisha nikapiga magoti, nikasali Raha ya Milele mpaka ulimi ukakauka, nikabonyeza tena nione kama amepata nafuu. Wapi!

Kesho yake nikafanya hivyohivyo, na keshokutwa. Niliacha sukari kwenye uji. Nilimpa mtoto wa jirani mpira wangu wa matambara, kwa ajili ya Mama. Kila mchana nilicheza kaseti kumpima, na kila mchana alikuwa analia vilevile. Na jambo lililonitesa zaidi ya yote, niwaambie tu, lilikuwa hili: ile ndiyo sauti yake pekee niliyokuwa nayo. Niliogopa asikome, na niliogopa akikoma sitabaki na kitu.

Nilimwambia Fideli. Alikuwa mkubwa kwangu, anajifanya haamini kitu. Alisikiliza kidogo tu, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Ni Baba aliyemtia humo," akasema. "Kwa sababu alikuwa anachelewa."

Basi, tukaacha kumsalimia Baba vizuri. Maskini, akadhani tuna malaria.

Jumapili moja baada ya chakula alituita sote sebuleni. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho hakikuwepo tangu msiba. Bibi alikaa kwenye mkeka na ungo wake wa maharage, Fideli akakaa kizingitini, mlango wa kwenda jikoni, tayari kula kona. Baba akawasha televisheni, vumbi likaungua, akashika kaseti yenye wino mwekundu akitaka kuitia kwenye redio.

Nilimrukia. Nilimng'ang'ania mkono kwa meno.

"Usimrudishe! Baba, usimrudishe huko, anaungua!"

"Nani anaungua? Wewe mtoto, nani anaungua?"

Nikasema yote, kwa kwikwi, toharani na sukari na mpira. Baba alianza kucheka. Kicheko kikaishia njiani. Alikaa chini sakafuni akaniweka mapajani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nianze shule.

"Siyo kilio, mwanangu," akasema. "Kaseti mpya hazipatikani mjini, nikachukua hii hii. Kwaya nimeifuta. Hiyo unayosikia ni namba. Ni wimbo kabla haujafunguliwa. Kaa hapa uone ukifunguka."

Tukakaa. Ukelele ulitoka mwanzo mpaka mwisho, nami nimejificha kwenye kwapa lake. Kisha kimya. Baba akachapa neno moja, wimbo ukaanza.

Ya kwanza, ya pili, ya tatu, pamoja na ule mkwaruzo wa karatasi. Baba alisimama, akaimba ya nne kwa sauti yake, chini, polepole. Tukafika katikati. Zote zikanyamaza, na Baba naye. Ya kwanza ikaingia, ya tatu ikaingia. Ya pili haikuingia. Ninyi mnaosoma hamwezi kujua urefu wa pale. Kisha ikaja, peke yake, nyuma ya wenzake, kwa pumzi moja, na Baba ndipo akaingia pamoja nayo. Alikuwa ameacha sauti yake imsubiri.

Sauti ile haikufanana na ya Mama hata kidogo. Ilikuwa spika ya televisheni na karatasi ya tumbaku. Lakini niliinua kichwa nikatazama mlango wa jikoni, na nilipomtazama Baba, naye alikuwa ametazama huko, na Bibi vilevile. Bibi aliweka ungo chini, maharage mengine yakamwagika.

"Fideli," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya kumwambia mtu apishe njia. "Toka hapo mlangoni. Mpishe mama yako apite."

Fideli aliruka kama aliyeguswa na moto. Alitoka kwa mlango wa mbele, tukamwona jioni.

Mimi sikukimbia. Kukimbilia wapi, mtu niliyekuwa ninamtafuta amekuja? Nilingoja mguso, nilingoja harufu ya vitunguu ya mikono yake. Wimbo ukaisha. Baba akazima haraka, akaingia chumbani, na Bibi akaokota maharage yaliyomwagika.

Kanisani Baba hakugonga benchi tena. Watu walichelewa wapendavyo. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya Mama, alibandika karatasi mpya kwenye spika, akawasha, akasimama kuimba sehemu yake. Bibi alikaa mpaka alipokufa. Mimi nilikaa mpaka nilipoolewa. Fideli alikuwa na safari siku hiyo kila mwaka, mara ana mzigo wa kupeleka Lusewa, mara pikipiki mbovu. Hakuimba kwaya hata siku moja, na koo la Baba alilo nalo.

Sasa wiki iliyopita, basi. Kaseti ilikataa kwanza, ikakataa tena, mara ya tatu ukelele ukatoka umenyooka. Niliketi nikausikiliza, mwanamke mzima mwenye wajukuu, na ninawaambia ukweli, nilifarijika. Ndio wimbo wa kwanza nilioupenda kwa kuuogopa. Kisha kimya. Nikachapa neno lile.

Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chini yake pakavu. Nilikuwa nimejiandaa kwa Mama, nilishaujua mlango wake. Baba sikujiandaa naye. Sikuwa nimefikiri kwamba pengo lake alilitengeneza mwenyewe, akaliacha wazi miaka yote hiyo, na sasa nitalisikia kuanzia nota ya kwanza. Machozi yalinitoka bila kuomba ruhusa. Wimbo ukafika katikati, ukanyamaza. Ya kwanza ikaingia, na ya tatu. Nikavuta pumzi.

Ya pili ikaja, imechelewa. Na pamoja nayo, nyuma yangu, kutoka upande wa mlango, chini kabisa, polepole, ikaingia ya nne.

Kilikuwa kifua cha Baba, koo lake, lile neno la mwisho anavyoliburuta. Nilisikia pia kandambili zikisogea sakafuni, za mtu anayejibana pembeni kupisha njia, nikajua kuwa ni Fideli.

Sikugeuka. Nilitaka awe Baba mpaka wimbo uishe.